Kufuli za Sauti ya Nne

Kabla watu hawajaanza kumwita Fundi Kufuli, walimwita Baba Tupa, kwa kuwa hapakuwa na wakati wa mchana ambapo ungepita mbele ya kibanda chake usisikie tupa ikilia juu ya chuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa baiskeli. Alinyoosha rimu, akaziba pancha, akachonga vipuri ambavyo maduka hayakuwa navyo. Na muda wote huo aliimba. Aliimba midomo ikiwa imefungwa, wimbo mmoja wa kwaya aliofundishwa shuleni angali mtoto. Sauti yake ilikuwa ya nne, ile nzito ya chini. Wenzake wa sauti nyingine walipanda na kushuka kama ndege juani, naye alibaki palepale, akiwabeba. Mkewe, aliyekuwa na cherehani yake katika chumba cha mbele, alizoea kuwaambia wateja kwamba aliolewa na mume mmoja na wimbo mmoja, na kwamba hajui ni yupi aliyeingia nyumbani kwanza.

Shauri la kufuli lililetwa na mvua. Wafanyabiashara wa soko la jirani walihifadhi bidhaa zao ndani ya masanduku makubwa ya mbao, wakayafunga kufuli za dukani jioni na kwenda zao. Masika yalipoingia, kufuli zilishika kutu, funguo zikakatikia ndani, na asubuhi utawaona watu wamepanga foleni kwa Baba Tupa, kila mmoja na sanduku lake kwenye mkokoteni, wakisubiri msumeno. Ikafika mahali akawa anakata kufuli zaidi kuliko anavyotengeneza baiskeli.

"Mama," alimwambia mkewe siku moja, "nimezipasua nyingi, nimeona. Kufuli inafia mdomoni. Maji yanaingia kwenye tundu la ufunguo."

"Basi ifundishe kufumba mdomo," mkewe alijibu, macho yakiwa kwenye sindano.

Alisema kwa utani tu, lakini mumewe aliondoka pale kama mtu aliyetumwa. Alikata kipande cha bomba la maji la zamani, akakigeuza tundu likatazama chini, akalitengenezea kifuniko cha mpira wa ndani wa tairi ambacho kilijirudi chenyewe ufunguo ulipotolewa. Kufuli ya kwanza aliijaribu katika mlango wa nyumba yake mwenyewe, siku ya Jumapili, walipokuwa wakienda kanisani. Waliporudi mvua ilikuwa inamwagika. Ufunguo uliingia, ukazunguka, ukazunguka tena, na kufuli haikutikisika. Mkewe, akiwa na gauni lake la Jumapili na viatu mkononi, alipitia dirishani.

"Hongera, mume wangu," alisema akiwa juu ya dirisha, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. "Umetengeneza ukuta."

Ya pili ilifunguka kwa msumari wowote. Ya tatu ilifanya kazi vizuri mpaka springi yake ikaoza. Hapo ndipo alipoanza kutumia vyuma vya miavuli iliyovunjika, ambavyo vilikwisha kuzoea mvua, na kuitumbukiza kila kufuli katika ndoo ya maji ya chumvi nyuma ya nyumba. Kila alfajiri aliiopoa, akaifungua, akaifunga, akairudisha. Kaka yake alipokuja kutembea alisimama mbele ya ndoo ile akitikisa kichwa.

"Ndugu yangu, wenzako wanafuga kuku. Wewe unafuga kufuli?"

"Kuku hawezi kulinda sanduku," Baba Tupa alijibu.

"Lakini analiwa!"

Walicheka wote wawili. Hata hivyo kaka mtu alipokuwa akiondoka alimvuta shemeji yake pembeni na kumuuliza kama mumewe alikuwa analala vizuri.

Masika mengine yalikuja na kupita, na kufuli ya ndoo ikawa bado inafunguka kwa sauti ndogo tamu, kama mtu anayebofya ulimi. Mteja wa kwanza alikuwa mjane mmoja muuza vyombo, ambaye soko zima lilimwita Mama Sufuria. Wa pili alikuwa jirani yake wa ubavuni, muuza viatu, mtu wa maneno mengi na mdomo mwepesi wa kusifu na kulaumu. Baada ya hao, safu nzima ilikuja. Baiskeli zikahamishiwa kwa fundi mwingine. Mkwewe, aliyemwoa binti yake mkubwa, akashika msumeno na kukata mabomba. Lakini meno ya funguo Fundi Kufuli hakumwachia mtu. Aliufunga ufunguo kwenye jiliwa, kile chuma chake cha kubania, akafumba macho nusu, akaimba wimbo wake, na tupa ikaenda.

"Meno ya ufunguo ni siri ya mtu," alimwambia mkwewe. "Siri haipitii mikono miwili."

Kwa muda mrefu mambo yalimwendea hivyo, na jina lake lilitembea mbali kuliko miguu yake. Mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi alikuja mwenyewe, akazipima kufuli kiganjani, akasema kwamba angezitaka za kuuza katika miji mingine. Walikubaliana arudi mwisho wa mwezi.

Kabla ya mwezi kwisha, Mama Sufuria alifika sokoni asubuhi moja akiwa amechoka kwa kumuuguza mjukuu. Akili yake ilikuwa nyumbani. Aliinama, akatia ufunguo, akafungua, akainua mfuniko, na badala ya sufuria akakuta viatu.

"Mama Sufuria!" Muuza viatu alikuwa ndiyo kwanza anafika. "Unatafuta nini kwenye sanduku langu?"

"Baba, hata mimi sielewi. Nimefungua kwangu, nakuta viatu."

"Kwako? Umeanza lini kuuza viatu?"

Waliokuwa karibu walicheka. Kisha mmoja akauliza ufunguo ameupata wapi, na kicheko kikakatika.

"Amechongesha wa pili!"

"Kumbe ndiyo maana ile jozi yangu ya ngozi sikuiona!" muuza viatu alipaza sauti. "Mwizi!"

"Jozi hiyo ulimuuzia mchungaji, mimi nilikuwepo," alisema mchukuzi mmoja, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Wakamchukua mama wa watu, katikati ya kundi, mpaka kwenye kibanda cha Fundi Kufuli, ili aseme yeye kama mjane yule aliwahi kuchongesha ufunguo wa jirani yake. Mama Sufuria hakulia. Alisimama ameushika ufunguo wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha moto.

Fundi aliuomba ufunguo ule, akauomba na wa muuza viatu, akavigusanisha vyuma viwili mgongo kwa mgongo na kuviinua kwenye mwanga wa mlango. Meno yalikuwa sawasawa. Akachukua kufuli aliyoimaliza jana yake, ambayo haijapata mwenyewe, akaijaribu kwa ufunguo wa Mama Sufuria. Ikabofya ulimi wake mtamu, ikafunguka.

Mkwewe aliyekuwa nyuma yake aliona, akamvuta shati. "Baba," alinong'ona, "sema hujui. Neno moja tu. Yule bwana wa duka anarudi wiki hii."

Ilikuwa kweli. Neno moja lingetosha. Karakana ingebaki, oda ingekuja, na mjane angekwenda na aibu yake. Fundi Kufuli aliitazama ndoo ya maji ya chumvi kupitia mlango wa nyuma, akamtazama yule mama.

"Mama huyu hajachongesha kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyewapa ufunguo mmoja watu wawili. Na si ninyi wawili peke yenu. Hata hii mpya inafunguka. Sijui imekuwaje, lakini imetoka mkononi mwangu."

Kundi zima sasa likamgeukia yeye.

"Kwa hiyo sanduku langu linafunguliwa na soko zima?"

"Na mlango wangu wa nyumbani? Nimeweka ya kwako, Fundi!"

Muuza viatu aliitupa kufuli yake juu ya meza. "Kaa na chuma chako." Hakumwomba Mama Sufuria radhi, alipita mbele yake kama anayepita mti. Mpaka adhuhuri kizingiti cha karakana kilikuwa kimejaa kufuli zilizorudishwa, na mwenye duka la vifaa alituma mtu kusema asisubiriwe.

Fundi alizikusanya, akazilinganisha funguo moja moja, na zote zikaangukia mafungu mawili. Hakuelewa. Alifunga chuma kipya kwenye jiliwa, akakaza nia achonge meno ambayo hajapata kuyachonga, na kwa mazoea akaanza kuimba. Mkewe alikuwa amehamisha kiti chake kutoka chumba cha mbele akae naye, maana hakutaka awe peke yake siku ile. Alikuwa akipindua ukosi wa shati. Mara akainua mkono.

"Hebu simama. Hapo, hapo ulipovuta sauti."

"Nimefanya nini?"

"Umevuta sauti, na tupa umeivuta." Aliuchukua ufunguo, akapitisha ukucha juu ya meno yake, akiimba polepole. "Fupi, fupi, ndefu, fupi. Baba, huu ni wimbo wako. Umewachongea soko zima wimbo mmoja!"

Fundi alikaa chini. "Na fungu hili la pili?"

Mkewe akapitisha ukucha. "Hilo ni kiitikio."

Walitazamana, na ingawa siku ile haikuwa ya kucheka, walicheka mpaka mkwe wao akaja kuchungulia.

Kuanzia kesho yake aliacha kuimba. Lakini mkono uliozoea kubebwa na sauti haukujua kutembea peke yake. Ulichonga meno yenye kingo mbaya, ukasita, na akijisahau kidogo ulirudi katika njia yake ya zamani, kama punda aliyeachiwa kamba. Nyumba ikawa kimya kama nyumba yenye wageni wasiozoeleka. Mkewe, ambaye kwa miaka mingi alimwomba apunguze sauti, aliona ukimya ule ni mzito kuliko cherehani.

Siku moja alikuwa akitafuta kifungo cha kushonea shati la mteja. Vifungo vyake alivihifadhi katika kopo la zamani la maziwa, vikubwa na vidogo, vinene na vyembamba, vyote vimechanganyika. Alitia mkono bila kutazama, akatoa vitano, akavipanga juu ya meza. Akavirudisha, akatoa vingine. Akatikisa kopo, akatoa tena. Havikujipanga sawa hata mara moja.

"Baba Tupa," aliita, kwa lile jina la zamani. "Mkono wako una kumbukumbu, na huo ndio ugonjwa wake. Tafuta mkono usiokumbuka kitu."

"Wa nani?"

"Wa mwenye kufuli."

Alimwelewa kabla hajamaliza. Alichonga vifungo vya chuma kigumu, vya unene mbalimbali, akatengeneza kando ya jiliwa mfereji wa kuvipanga. Mteja mwenyewe angetia mkono koponi, atoe vifungo, avipange apendavyo. Na tupa ingeshuka katika kila jino mpaka igonge kifungo, hapo isiweze kuendelea. Bamba za ndani ya kufuli zingekatwa kwa mpango uleule. Kisha vifungo vingerudishwa koponi na kutikiswa, na mpango ule usingebaki kichwani mwa mtu.

Hakungoja wateja warudi. Alizitia kufuli zao katika sanduku, akamtwisha mkwewe kopo na jiliwa, akazunguka soko sanduku kwa sanduku. "Kuna ufunguo wa mwenzako unaofungua hapa," alimwambia kila mmoja. "Nimekuja kuukomesha." Wengine walimgeuzia kisogo. Mama Sufuria alikuwa wa kwanza kutia mkono koponi. Alivitafuta vifungo kwa muda mrefu, macho juu, kama anayechagua nyanya gizani.

Muuza viatu hakuwa na haraka. Aliangalia siku kadhaa kwa mbali, kisha akaja na mikono mfukoni.

"Na nikitoa vifungo sawa na vya huyu mama?"

"Jaribu uone," alisema Fundi.

Alivitoa, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena. Fundi akashika tupa. Kazi ilikwenda kimyakimya, na watu walisogea kutazama. Kufuli ilipokwisha, muuza viatu hakutumia ufunguo wake. Alimgeukia jirani yake.

"Nipe wako, mama."

Mama Sufuria alimpa. Aliutia; uligoma. Akausokota, uligoma. Akaufuta kwenye suruali, akaujaribu tena, na bado uligoma. Alikaa na ufunguo ule kiganjani, akiutazama.

"Mama," alisema hatimaye, "siku ile nilikuita kwa jina ambalo si lako."

"Uliliita kwa sauti kubwa," alijibu Mama Sufuria.

Muuza viatu alielewa. Alipanda juu ya sanduku lake, akapaza sauti ile ile aliyomwitia mwizi, na safu nzima ikasikia akimwomba radhi.

Aliposhuka, watu walikuwa wamekwisha kuzunguka kopo, kila mmoja na kufuli yake ya zamani aliyoiokota sandukuni mwa Fundi. Hata mtumishi wa mwenye duka la vifaa alikuwa amesimama nyuma, akijifanya anaangalia sufuria.

"Fundi, mbona siku hizi huimbi?" Mama Sufuria aliuliza.

"Naogopa."

"Unaogopa nini, na kifungo kinazuia tupa?"

Fundi Kufuli alikitazama kifungo, akaitazama tupa. Alikuwa hajaliwaza hilo. Akafunga ufunguo uliofuata kwenye jiliwa, akafumba macho nusu, na sauti ya nne ikaanza chini kabisa, ikavuta pale ilipozoea kuvuta. Tupa ikagonga chuma, ikasimama. Sauti ikaendelea.

Mkewe alikuwa amekuja kumletea maji. Alisimama na jagi mkononi, akasikiliza ubeti mzima.

"Haya, umeshinda," alisema. "Sasa basi jifunze hata sauti ya tatu."