Kuomba Njia Bukavu

Siku hizi mtu anaenda kwenye kilio na telefone mkononi. Anapiga picha, anakula, anaondoka bila kuaga, na kesho anasema alikuwa na wafiwa. Mbonigaba hakuwa mtu wa namna hiyo, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa mkulima wa Kirolirwe, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Ng'ombe wake walikwenda na vita, akabaki na jembe, shamba la maharagwe na muhogo kidogo. Hakuwa msemaji, isipokuwa siku ya kuoza binti. Katika vilima vyetu wakwe wakija kuomba binti, baba hawajibu mara moja. Anawakana kwanza: "Hapa hatuna binti, tuna maharagwe tu." Anawauliza walimwona wapi, na nani aliwaonyesha mlango. Anataja bibi za huyo binti mmoja mmoja, na kilima alichozikwa kila mmoja. Wageni wanacheka, wanatoa jasho, wanaomba tena. Mwishoni anasimama na kumtoa. Mbonigaba alikuwa hodari wa maneno hayo, hata majirani walimwita awasaidie kuoza mabinti zao. Naye alikuwa na binti mmoja tu, Estelle Umugwaneza. Kwa miaka mingi alitoa mabinti wa watu huku akimngojea wa kwake.

Estelle alisomea uuguzi, akapata kazi Walikale, huko msituni, na huko akapata mchumba, mwalimu mmoja jina lake Pierre. Zamani watu wa Pierre wangepanda mpaka Kirolirwe na vyungu vyao vya pombe. Lakini barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, kwa hiyo wakakubaliana kwamba mahari ipokelewe Walikale, kwa Isidore, mdogo wake Mbonigaba, aliyekuwa akifanya biashara kule. Kuoza binti katika uwanja wa kuazima! Mbonigaba alikubali kwa shingo upande. Mkewe, Nyiramana, miguu ilikuwa imemkatalia safari, akabaki nyumbani.

"Nenda ukaseme vizuri," alimwambia. "Useme kwa ajili yangu pia."

Kwa kuwa njia fupi ilikuwa imefungwa, ilibidi azunguke: ateremke Goma, avuke ziwa kwa meli mpaka Bukavu, kisha apande lori la kwenda Walikale. Alifika Bukavu Alhamisi asubuhi. Mahari ilikuwa Jumamosi. Shofere wa lori, Jean-Luc, alikuwa bado anapakiza sabuni na chumvi.

"Papa, tunatoka saa sita," Jean-Luc alimwambia. "Weye tembea kidogo, uone muji. Lakini saa sita ikipita nitakuacha. Gari iko ya patron, haiko ya mama yangu."

Mbonigaba akaenda kuuona mji. Alivua kofia, akapanda kutoka bandarini akimsalimu kila aliyekutana naye, kwa sababu kwetu hupiti mtu kama unavyopita mti. Alisalimu mpaka koo likamkauka. Kijana mmoja wa pikipiki alisimamisha chombo chake.

"Papa, tunajuana?"

"Hapana, mwanangu."

"Sasa unasalimia bantu yote ju ya nini? Uko candidat, unatafuta kura?"

Wenzake wakacheka, na Mbonigaba naye akacheka. Hakukasirika. Mji ulimpendeza, aliniambia hivyo mwenyewe. Aliona nyumba zimeingia ziwani kama ng'ombe wanaokunywa maji. Aliona akina mama wamebeba magunia mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso, wakipita kati ya magari mazuri, na hakuna aliyewapisha. Huko Kadutu aliona nyumba zimesimama kwenye mteremko ambao kwetu hata mbuzi angeukataa. Aliyakusanya yote ili amsimulie Nyiramana.

Na huko Kadutu, kwenye kichochoro, akakuta turubai la bluu, viti vya plastiki, na wanawake wamevaa vitenge vyenye picha ya mwanamume mmoja mwenye masharubu. Kilio.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Kwetu hupiti karibu na uwanja wenye kilio ukaendelea na safari. Unaingia na kuketi, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Ukitaka kuondoka, unamwendea mwenye marehemu, mjane au baba, unaomba njia, na yeye anakupa kwa mdomo wake. Asiyepewa njia anaondoka na kile kifo kikimfuata, na nyumba ya kwanza atakayoingia ndimo atakamokipeleka. Mbonigaba alikuwa anakwenda kwenye arusi ya mtoto wake.

Akaingia, akaketi. Alifikiri atakaa kidogo tu, aombe njia, arudi kwenye lori. Lakini hakuna aliyelia pale. Muziki ulikuwa unapigwa kwa nguvu na vijana walikuwa wanakunywa bia. Alipomuuliza jirani yake mwenye marehemu yuko wapi, akajibiwa kwamba mjane, Mama Claudette, amekwenda kuchukua maiti hospitalini, na kule kuna shida ya karatasi.

"Atarudi lini?"

"Weye papa, karatasi ya Congo inajulikanaka?"

Jua likapanda. Mbonigaba akamwendea kijana aliyekuwa akigawa viti.

"Mwanangu, mimi ni msafiri. Nani anaweza kunipa njia?"

"Njia gani? Njia iko pale, si unaiona? Enda tu, papa, nani amekushika?"

Mwingine akasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Muache. Anangojea sombe. Mu vilio vyote vya Kadutu, wazee kama hawa njo wanamalizaka sahani."

Wakacheka tena. Safari hii Mbonigaba hakucheka. Sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, ilipokuja aliikataa, akabaki ameketi, kofia juu ya magoti. Telefone ikalia. Alikuwa Jean-Luc.

"Papa, uko wapi? Gari iko inawaka!"

"Niko kwa kilio. Ningojee kidogo, mwenye marehemu anakuja."

"Nani amekufa?"

"Simjui."

"Haumujue? Papa, toka pale! Mutoto yako anaolewa!"

"Ndiyo sababu siwezi kutoka," Mbonigaba alisema.

Lori likaondoka.

Mama Claudette alifika mchana umeshainama, amechoka, viatu mkononi. Aliona mzee mgeni anasimama na kumwinamia.

"Papa, unatoka wapi?"

"Kirolirwe, Masisi. Nilipita, nikakuta kilio. Nakuomba njia, mama."

Yule mama akamtazama, kisha akaanza kulia, na kilikuwa kilio cha kwanza cha kweli katika uwanja ule. "Bibi yangu alikuwa anafanyaka hivi," alisema. "Tangu juzi hakuna hata mumoja ameniaga." Akamshika mikono yote miwili. "Wende, papa. Njia ikuwe mweupe. Kifo kibakie kwangu."

Basi akapewa njia. Lakini lori lililofuata lilikuwa la Jumamosi.

Jumamosi hiyo, Mbonigaba akiwa amekalia magunia akingoja lori liwashwe, Isidore alimpigia kutoka Walikale. Nyuma ya sauti yake zilisikika ngoma na watu wengi.

"Kaka, wakwe wamefika, wameketi. Sema mu telefone, naweka haut-parleur, wote watakusikia."

"Isidore, unataka nimtoe mtoto wangu kwa chuma?"

"Kaka, Estelle iko hapa pembeni yangu. Anakuomba."

"Wangoje mpaka nifike."

"Chakula kimeiva, kaka! Bantu wametoka mbali! Kuko mutu wa micro tumemulipa, atasema mu nafasi yako. Sema mwenyewe, ao aseme yeye?"

Mbonigaba alikata telefone. Mimi nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba maneno yale yanasemwa kwa kusimama mbele ya macho ya watu. Nilimwambia alifanya vema. Usiku mwingine nafikiri sikumwambia kweli yote.

Alifika Walikale Jumatatu, matope mpaka magotini. Viti vilikuwa vimesharudishwa vilikoazimwa. Isidore akamwonyesha video. Mtu asiyemjua, mwenye koti la kung'aa, alikuwa amesimama akisema, "Mimi baba yake nasema…" na watu wakapiga makofi mahali panapostahili. Hakutaja bibi hata mmoja. Estelle alikuwa nyuma yake, amependeza, na kila mara aligeuza shingo kutazama barabara.

Jioni Estelle akaja mwenyewe kutoka kazini, bado na koti lake jeupe. Alipiga magoti, akamsalimu baba yake kama inavyotakiwa. Halafu akauliza, "Papa, kile kilio kilikuwa cha nani?"

"Cha mtu wa Kadutu. Sikutaka kukuletea kifo nyumbani, mwanangu."

"Kifo ninakionaka kila siku ku kazi, papa," alisema Estelle. "Ni wewe njo sikukuona."

Akaenda jikoni kumpikia.

Sasa Nyiramana amezikwa, kwa hiyo naweza kuandika jinsi ilivyokuwa Mbonigaba aliporudi Kirolirwe. Alimkuta mkewe anachagua maharagwe ya mbegu.

"Ulisema?" Nyiramana aliuliza.

"Nilisema."

"Nisemee na mimi, basi. Kama ulivyosema kule."

Mbonigaba alisimama mbele ya mafiga, akavaa kofia vizuri, akaanza. Akawakana wakwe. Akawauliza nani aliwaonyesha mlango. Akataja bibi wote, mama yake Nyiramana akiwa wa mwisho, na kilima chake. Nyiramana alicheka palipotakiwa kucheka, na machozi yakamtoka palipotakiwa machozi. Walipompigia Estelle, mama yake alimwambia, "Baba yako amenisemea yote, mwanangu. Ulitolewa vizuri."

"Ndiyo, mama," Estelle akasema. "Alisema vizuri."