Fungu la Chini

Kuna watu wanaozaliwa na miguu, halafu kuna mimi. Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani kwenye ghala la pamba pale Baraka, na kutoka mlango wa nyumba yangu hadi ghalani ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja. Dunia yangu iliishia hapo. Fizi, kule juu mlimani kwenye ofisi ya serikali, nilipanda nilipoitwa tu, na nikirudi nililala siku mbili nikisingizia magoti. Mke wangu aliwaambia wageni: "Huyu bwana yangu ni kama figa. Ukimutoa kwa nafasi yake, chungu itaanguka."

Nilikuwa na miaka minne ya sekondari kwa mapadri, na kwetu wakati ule hiyo ilitosha kumharibu mtu. Kwa kuwa nilisoma Kifaransa, watu walidhani najua mambo. Sikuwa na moyo wa kuwakatalia.

Msimamizi wa ghala, mzungu mmoja mwenye tumbo bovu, alipokuwa akifunga masanduku arudi kwao, aliuza kila kitu: kitanda, taa, kuku, hata kofia. Mwisho akatoa karatasi kubwa nene, yenye picha ya treni na maandishi yaliyojipinda kama mapambo ya kanisa. Akaniambia hiyo ni hisa ya kampuni moja ya reli. Haina jina la mtu. Anayeishika ndiye mwenye mali. Kampuni ikipata faida, naye anapata. Sehemu yake ya chini ilikuwa na vijikaratasi vidogo vilivyopangana kama madirisha ya shule, kila kimoja na namba yake. Hizo ndizo kuponi. Akanionyesha kwa ukucha: kila mwaka unakata moja, unaipeleka benki kule Usumbura, ng'ambo ya mpaka, wanakulipa. "Na karatasi yenyewe usiiuze haraka," akasema. "Hii ni mali ya kuzeeka nayo."

Neno "unakata" nililisikia. Neno "Usumbura" nililisikia zaidi.

Bei ilipita mshahara wangu, nikaita rafiki wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya Waprotestanti, mrefu, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema neno lolote, la kweli au la uongo. Wa pili alikuwa fundi wa cherehani aliyeshonea kwenye baraza la duka pale sokoni. Fundi hakuwa amesoma, lakini mkono wake haukukosea mstari. Tukachanga, tukanunua.

Sasa swali likawa: karatasi ilale kwa nani? Watu watatu, karatasi moja, isiyo na jina. Tulitazamana kama wake wenza. Ni fundi aliyetoa shauri. Kwetu, wawindaji wa nyavu wakiua mnyama, wanamgawa palepale msituni, kila mmoja na fungu lake, kabla mtu hajageuza uso kurudi. Nyama haiingii nzima katika nyumba ya mtu mmoja. Ikiingia, maneno yanaingia nayo.

"Tuikate," akasema fundi. "Siku ya kuuzisha, mi nitaishona."

Mtu mwenye miaka minne ya sekondari angesema hapana. Mimi nilisema: "Kata sawasawa." Akakata kwa mkasi wake mkubwa, mistari miwili iliyonyooka kama ukingo wa meza. Mwalimu akapata kichwa, chenye treni. Fundi akapata kifua, chenye maandishi. Mimi, kwa sababu nilikuwa na sanduku la bati, nikapata fungu la chini lenye kuponi.

"Na hizi ndogo-ndogo ni za nini?" akauliza mwalimu.

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, nami nikachagua ile isiyotoka nyumbani. Nikamwambia hizo ni matunda. Zinaachwa ziive zote, zinakatwa mwisho. Ukikata mapema unaudhoofisha mti. Nikaongeza neno la Kifaransa juu yake, likanoga kama chumvi kwenye mboga ya sombe.

Basi tukawa wenye hisa. Kila Jumamosi alasiri walikuja kwangu, maana mimi kwao siendi. Mwenye duka alikuwa akipata magazeti kwa mashua, akayatumia kufungia sabuni, na mimi nikiyaomba yakishafunguliwa. Ukurasa wa bei za hisa mara nyingi ulikuwa na duara la mafuta katikati. Nilisoma kwa sauti, nikafasiri, nikatoa hotuba juu ya subira. Mwalimu yeye alifuata bei ya chumvi: chumvi ikishuka, alidai, treni inafanya kazi. Fundi alifuata majora ya kitambaa dukani. "Jora zikifika nyingi, kampuni iko muzima," alisema. "Mi sisomake gazeti, nasoma kitambaa." Nilimcheka. Nikikumbuka leo, kati yetu watatu ni yeye peke yake aliyekuwa akitazama kitu kilicho hai.

Jumamosi moja alipita mfugaji wa kule nyanda za juu, mzee aliyeshuka na siagi yake kila alipotaka chumvi. Akasimama, akasikiliza, fimbo begani.

"Hii ngombe yenu ya karatasi," akauliza, "inazalaka?"

"Inazaa, muzee," nikamjibu.

"Ndama iko wapi?"

"Ndama bado iko kwa tumbo. Tunangoja zikomae zote."

"Miaka ngapi sasa?"

"Inakwenda ya ine."

Akacheka mpaka siagi ikatikisika. "Ngombe yenye mimba ya miaka ine, sisi kwetu tunaiitaka mugonjwa." Akaenda zake. Wenzangu wakacheka naye. Mimi nilikunja gazeti.

Mwaka huohuo wa nne mke wa fundi akaanza kuvimba tumbo. Alikuwa mama mnene mwenye kejeli, aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni, na kila nilipopita aliniambia: "Karani, leo umefika hapa mbali hivi! Nani anakuchunga?" Tulidhani ni mimba. Miezi ikapita, mimba haikuwa mimba. Muuguzi wa zahanati akamgusa, akasema apelekwe hospitali kubwa Albertville, apasuliwe. Maana yake nauli ya mashua kutoka Kazimia, ya yeye na mtu wa kumuuguza, na chakula cha majuma mengi ugenini.

Fundi akaja Jumamosi kama kawaida. Hakukaa.

"Bandugu," akasema, "mi naomba tuuzishe. Mama iko mubaya."

Tukampa pole. Kisha mimi, Mungu anisamehe, nikafungua gazeti.

"Fundi, tazama mwenyewe. Imepanda tena. Mchikichi ukiungoja miaka yote hiyo, ukaukata siku unapoanza kuzaa, huo si..."

"Gazeti hiyo ni ya lini?"

"Ya... ya mvua iliyopita."

"Basi weye unatusomea barua ya mufu."

Mwalimu akakohoa. Akasema tungoje mauzo ya pamba. Kila mtu atakuwa na kitu mkononi, tutamsaidia wenyewe bila kuuza. Alisema kwa wema. Fundi akatutazama, mmoja kisha mwingine. "Sawa," akasema. "Nyinyi ndio benye masomo."

Ningeweza kumkopesha? Mshahara wangu ulikuwa umeishia kwenye bati. Nilikuwa nikiezeka upya nyumba nisiyotaka kutoka. Na zile kuponi nne zilizokwisha kufika wakati wake, je, sikuzikumbuka? Nilizikumbuka. Nilizikumbuka jioni ileile, nikinawa mikono. Lakini kuzitaja kulikuwa ni kukiri kwamba nilijua tangu mwanzo, na baada ya kukiri, ilikuwa ni kusafiri.

Mauzo ya pamba yakaja, bei ikawa mbaya, hakuna aliyemsaidia mtu. Mke wa fundi hakuja tena sokoni. Fundi akaja kwangu na fungu lake na la mwalimu, akanyoosha mkono bila salamu ndefu. Nikampa langu. Akayashona matatu kwa cherehani, uzi mweupe, mshono mdogo kama meno ya panya. Ukiiweka mbali na jua hukuona kwamba ilipata kukatwa. "Weye ndiye unajua Kifaransa," akasema. "Unaenda lini?"

Nikasema nangoja karatasi ya ruhusa ya safari kutoka Fizi. Hiyo ilikuwa kweli. Ilichukua majuma mawili. Ilipofika nikasema mvua imekata barabara pale Makobola. Hiyo ilikuwa kweli nusu. Lori zilipita, zikisukumwa. Barabara ilipokauka nikasema goti.

"Goti gani?" akauliza mke wangu. "Jana nilikuona juu ya nyumba unapigilia bati kama nyani. Leo goti!"

"Limenishika usiku."

"Baba ya batoto, mi natoka kwa mama fundi sasa hivi. Hasemi tena. Ananiangalia tu." Akakunja mkeka wangu, akauweka nje pamoja na kikapu, akafunga mlango nyuma yangu. Ndivyo nilivyosafiri.

Nilikaa juu ya magunia ya ndagala. Tulipofika Swima nilikuwa nimekwisha kupatamani nyumbani. Tulipopita Makobola nilikuwa natunga maneno ya kueleza kwamba benki ilikuwa imefungwa. Uvira tukalala, kesho yake tukavuka mpaka.

Benki ilikuwa wazi. Karani wake, Mwafrika kama mimi ila mwenye tai, aliishika ile karatasi kwa vidole viwili. Akaigeuza. Akamwita mwenzake waitazame.

"Nani alishona?"

"Fundi wetu."

"Anajua kazi," akasema, wala hakuwa akinicheka. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayezungumza na wafiwa. Karatasi iliyokatwa haiuziki. Itabidi kuandika Ulaya, kuomba nyingine, na jibu linaweza kuchukua mwaka, au miwili, au lisije. Nikasema asante, nikaanza kuikunja. Sitaficha: nilisikia nafuu kidogo. Nilikuwa nimekwenda, imeshindikana, narudi nyumbani.

Akaweka kidole kwenye sehemu ya chini. "Na hizi mbona hamkukata?"

Nikatazama kikapu changu.

Akachukua mkasi, mdogo kuliko wa fundi, akakata nne, moja baada ya nyingine. Kuponi zilikuwa nzima. Mshono ulipita upande wa juu bila kuzigusa. Akanihesabia pesa mezani. Zilitosha nauli ya mashua ya watu wawili kwenda na kurudi, na chakula, na zingebaki. Zingetosha tangu siku ile ya gazeti. Nilizihesabu tena nje, kwenye ngazi, nikiomba ziwe pungufu.

Nilifika Baraka mchana. Nilipita kwanza kwenye baraza la duka; cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge. Sikuuliza mtu. Nyumbani kwa fundi bamama walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, na mke wangu kati yao. Aliniona nikiingia na kikapu changu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinitazama asitafute neno la kunitania.

Walikuwa wamemzika juzi.

Nikakaa karibu na fundi, mwalimu upande wa pili. Nikaeleza habari ya karatasi. Fundi akaitikia kwa kichwa, kama habari za mtu asiyemjua. Kisha nikatoa zile pesa, kwa sababu kuzificha nilishindwa, ingawa njia nzima nilikuwa nimejaribu kujifunza namna.

"Hizi ni za nini?"

"Ni za zile ndogo-ndogo. Za chini."

"Zilikuwaka kwako."

"Kwangu."

"Zinakatwaka mwisho, ulisemaka."

Nilikuwa na uongo wa kutosha, wa lugha mbili. "Zinakatwa kila mwaka," nikasema.

"Na weye ulijuaka?"

"Nilijua."

Mwalimu alikohoa, lakini safari hii hakuna neno lililofuata. Fundi akatazama mikono yake, ile isiyokosea mstari.

"Ulikuwa naogopa nini, karani?"

"Njia," nikasema.

Mama mmoja alianza kilio, akakimaliza. Halafu fundi akavuta zile pesa mbele yake kwenye mkeka, akazigawa. Moja huku, moja huku, moja huku, bila haraka, mpaka mafungu matatu yakalingana. Moja akamsogezea mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa akizikataa, na fundi akamshika mkono, akamfunga vidole juu yake.

"Nyama haiingie kwa nyumba ya muntu mumoja," akasema.

Kisha akanigeukia.

"Shika fungu lako."

Nikamwambia siwezi. Akaendelea kunyoosha mkono. Bamama walikuwa wanatazama, mke wangu alikuwa anatazama, na mkono wa fundi haukurudi. Nikazipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa utotoni kumpokea mtu mkubwa, nikasema aksanti.