Chumba cha Verna

Arlys Nygaard alikuwa na kitanda kizuri cha mbao, chenye godoro jipya, ila hakukilalia. Alitandika blanketi lake sakafuni karibu na kipasha joto, akajilaza na viatu miguuni. Asubuhi aliyanyoosha mashuka ya kitanda kana kwamba kuna mtu ameamka pale. Ukimuuliza angekujibu bila haya: kitanda si chake, ni cha Verna.

Verna Tollefson alikuwa ameshakufa.

Wanawake hao walijuana kwenye maegesho nyuma ya kanisa, huko Duluth, mji wa Minnesota uliokaa mteremkoni ukilitazama Ziwa Superior. Mchungaji aliwaruhusu wasio na makazi kulala pale ndani ya magari yao. Arlys aliendesha basi la shule mpaka akaota mvi. Mumewe alipougua, nyumba ikauzwa ili atibiwe, na mume akafa vilevile. Verna alikuwa fundi cherehani, mnene, mcheshi, aliyeshindwa kulipa kodi baada ya jengo alilopanga kununuliwa na wenye pesa zao, wakaipandisha. Cherehani yake hakuiuza. Aliipakia kiti cha nyuma, naye akawa analala mbele amejikunja kama jongoo.

"Iuze hiyo mashine, unyooshe miguu," Arlys alimwambia.

"Niiuze? Nikipata chumba, mapazia nitashonea nini? Meno?"

"Na usipopata?"

"We naye, mdomo wako! Nitapata. Mimi niko mbele yako kwenye foleni, usinionee kijicho."

Foleni yenyewe ilikuwa ya vyumba vilivyolipiwa na serikali ya jimbo. Vyumba vichache, watu wengi. Aliyewaandikisha ni Renee Bellanger, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Mwojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa nchi ile, mwenye sauti ya upole na gari bovu kuliko yao.

Kila asubuhi, aliyetangulia kuamka alimgongea mwenzake kioo. Vioo viliganda kwa ndani kutokana na pumzi zao. Verna angekwangua barafu kwa kucha mpaka kitokee kitundu, kisha amtolee Arlys ulimi pale. Asubuhi moja ya Januari Arlys akagonga. Akagonga tena. Hakuna aliyekwangua.

Siku iliyofuata mchungaji akampa Arlys vitu vya marehemu avitunze, simu ikiwa mojawapo. Ikamlilia mkononi.

"Verna! Kaa chini kwanza," Renee alisema, hata salamu hakutoa. "Chumba kimepatikana! Kina dirisha la kusini, jua linaingia kutwa nzima. Verna? Mbona kimya? Umezimia?"

"Ni mimi, Arlys."

"Basi mpe mwenyewe, mpe haraka!"

"Renee, mwenyewe hayupo. Tumempoteza jana."

Zikapita kwikwi tu kwenye ile simu. Na aliyefuata kwenye foleni alikuwa Arlys.

Ndivyo alivyoingia katika chumba cha mtu. Alikuwa hafungui mlango wake bila kubisha hodi kwanza. Jirani yake Gus, mzee mtani, alimkuta siku moja.

"Bibi, unajipigia hodi mwenyewe? Na usipojikaribisha je?"

"Kwani nimekupigia wewe?" Arlys akamjibu, akaingia.

Mchana, jua lilipofika kwenye meza ya dirishani ilipowekwa ile cherehani, alikuwa akiisikia ikishona. Mlio mfupi, kisha kimya, kama fundi anayegeuza kitambaa. Hakuogopa. "Haya, shona," alisema, akaendelea kumenya viazi. Kilichomtia baridi ni siku ambazo haikulia. Siku hizo aliwaza kwamba Verna amerudi maegeshoni kulala garini.

Majira ya kuchipua, Renee akaja na habari. Bungeni Saint Paul, makao makuu ya jimbo, kulikuwa na mswada wa kukata fedha za vyumba vile. Kamati ingesikiliza wananchi.

"Twende ukaseme, Bi Arlys."

"Nikaonyeshwe kama mbuzi mnadani? Nenda wewe uliyesoma."

"Nimekwenda miaka yote. Mimi wananiona napigania mshahara wangu."

"Basi na waone hivyo hivyo."

Renee hakubishana. Alikunywa kahawa yake, akatazama meza ya dirishani, akauliza taratibu, "Hivi hii bado inafanya kazi?"

Jua lilikuwa limejaa mezani, na cherehani ilikuwa kimya; ilikuwa imenyamaza tangu wiki iliyotangulia. Arlys akaisikilizia. Kisha akasema, "Tunaondoka saa ngapi?"

Chumba cha kamati kilikuwa na joto la kuudhi. Wabunge walikaa mbele kwa nusu duara, wengine macho kwenye simu zao. Aliyekuwa anautetea ule mswada, Mheshimiwa Stadum, alikuwa mkulima mrefu kutoka magharibi ya jimbo, mwenye adabu, na adabu ile ndiyo iliyomkosesha Arlys raha. Alikuwa amejiandaa kwa mtu jeuri.

Alipoitwa, alikaa mbele ya kipaza sauti, mikono imebana magoti.

"Naitwa Arlys Nygaard. Nimekuja kuwaomba msizikate fedha za makazi. Mimi nakaa kwenye chumba cha marehemu."

Simu zikawekwa chini. Akawasimulia Verna: gari, cherehani, kitundu cha barafu, na ile simu iliyolia mwenyewe akiwa ameshakufa. Hakupamba. Alipofika kwenye dirisha la kusini akaliruka, akaendelea.

Stadum akainamia kipaza sauti chake. "Pole sana, mama. Nakuuliza kwa heshima: si wewe mwenyewe ni ushahidi kwamba fedha zilizopo zinatosha? Ulingoja, na chumba ukapata."

"Nilipata kwa sababu aliyenitangulia aliganda, mheshimiwa. Foleni yenu inasogea hivyo. Sasa mkivipunguza vyumba, yule aliye nyuma yangu aombe nini usiku akisali? Aombe nife?"

Arlys akageuka kumtafuta Renee, na pale safu ya mwisho akamwona Verna. Alikuwa na kofia yake ya sufu ya zambarau, koti amelivua na kulipakata, mashavu mekundu kama ya mtu aliyepata joto baada ya kulikosa kwa muda mrefu. Alikuwa akiwatazama wabunge mmoja mmoja, bila tabasamu lolote. Arlys hakuwahi kumwona Verna asiyetabasamu.

"Una la kuongeza, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Muulizeni…" Arlys alianza, akanyamaza. Kiti kilikuwa kitupu.

Kwenye ukumbi Stadum alimfuata. Alisimama kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi.

"Alizikwa na nani?"

"Na serikali ya kaunti. Tulikwenda mimi, Renee na mchungaji."

"Siwezi kukuahidi chochote, Bi Nygaard."

"Sikukuomba ahadi. Nimekuomba usikate."

Mbunge akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mwezi Mei bunge lilipopiga kura, fedha za vyumba zilibaki kama zilivyokuwa. Hazikuongezwa, na fungu la mabweni ya dharura, wanakolala wasio na makazi usiku wa baridi, likafyekwa. Stadum aliupigia kura ya ndiyo ufyekaji ule, lakini vyumba alivitetea, wala hakueleza kwa nini. Renee alicheka na kulia kwa pamoja. Nyuma ya kanisa magari yaliendelea kujaa.

Kiangazi, mwanamke akaja mlangoni kwa Arlys. Alikuwa na mashavu ya Verna.

"Mimi naitwa Darcy. Nimetoka Arizona. Nilikuona kwenye video ya bunge. Wewe ndiye unayekaa kwa mama yangu?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani, mwanangu."

Darcy aliingia kwa hatua za mtu anayeingia kanisani. Alipofika dirishani alishika ukingo wa meza.

"Hakuniambia kama analala garini. Kila nikimpigia alisema amepata chumba. Akanielezea mpaka dirisha. Jua linaingia kutwa, alisema, na mezani nimeweka mashine."

"Lini alikwambia hivyo?"

"Vuli. Kabla ya theluji."

Arlys akaihesabu miezi. Vuli hakuna aliyekijua chumba kile, hata Renee.

Alasiri walikwenda makaburini. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, na kaburi la Verna halikuwa na jiwe, nyasi tu. Darcy alisimama pale.

"Nimwambieje?"

"Mwambie ulichotaka kumwambia."

Arlys akasogea mbali, akawapa mgongo ili wazungumze. Ukungu ukawafunika nyuma yake. Akamsikia Darcy akianza, kwa kusitasita, kisha maneno yakimtoka moja juu ya jingine. Baada ya kitambo akasikia sauti mbili, na mojawapo ilikuwa inacheka.

Hakugeuka.