Jerikani tisa za buluu

Jumanne, tarehe 10 Machi 1992, ndani ya kumi la kwanza la Ramadhani, Zura alijimiminia kikombe cha maji, akapiga bismillahi, akafuturu. Maji yalitoka kwenye jerikani ya buluu aliyoletewa na mumewe asubuhi ile, naye alikuwa ameshaionyesha kwa majirani. Ina kiharufu, aliwaambia, kama cha hospitali. Kabla ya wakati wa daku alikuwa amefariki.

Mumewe, Nasiri Kajangwe, alikuwa amefuturia tende msikitini. Alirudi nyumbani Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, akamkuta anatoka jasho na mate, mwili unamtetemeka, hawezi kutamka hata jina lake mwenyewe.

Sasa ni Juni 1993, saa moja asubuhi, na Nasiri anafunga jerikani tatu za manjano nyuma ya baiskeli kwa mpira wa gurudumu. Hizi si za kuuza. Anazipeleka Gahanga, nje ya mji, akikuta ya buluu yenye kifuniko cheupe aichukue na aache ya manjano mahali pake.

Kazi yake ni kuosha jerikani kuukuu. Ananunua zilizokwisha mafuta ya kupikia, anazisugua kwa majivu, mchanga na maji ya moto, kisha anawauzia watu wa kuchota maji. Mwaka wa kumi na tisa huu. Yeye aliosha, Zura alikagua. Mama huyo alikuwa anaingiza pua kwenye mdomo wa jerikani, anavuta pumzi, anasema neno moja: "Rudia." Nasiri anarudia.

"Mpaka leo nikimaliza kuosha nainyanyua naigeuza kuelekea mlangoni ili anuse," anasema. "Halafu nakumbuka. Naiweka chini."

Zile za buluu zilitoka kwenye ghala moja la serikali, upande wa viwandani. Zilikuwa thelathini na moja, zimelala nje msimu mzima, mvua imebandua karatasi zake zote. Nasiri alimuuliza Silvère, mlinzi wa ghala, zilikuwa na nini.

"Dawa, muzee."

Basi hapo akaridhika. Kwake yeye, dawa ni kitu cha hospitali, na chombo kilichobeba dawa ni kisafi kuliko kilichobeba mafuta. Hakuzisugua kwa mchanga. Alizisuuza mara moja tu, akachagua nzuri kuliko zote, akampelekea mkewe. Zura alinusa, akaambiwa ni dawa, na safari hiyo hakusema rudia.

Ilikuwa dawa ya kupulizia mibuni, ya kuua wadudu. Kwa Kiswahili ni dawa, kwa Kinyarwanda ni umuti, na katika lugha zote mbili neno ndilo lile lile la anachopewa mgonjwa kwenye kijiko.

Nasiri hamlaumu sana Silvère, maana mlinzi huyo aliambiwa aondoe takataka, akaziondoa. Hasira ya Nasiri iko kwa wakubwa. "Wao wanajua kusoma," anasema. "Mimi najua kuosha. Nani kati yetu alitakiwa kujua kilichokuwa ndani?"

Amekwenda mara sita kwenye ofisi moja ya serikali, mtaa wa Kiyovu, kuomba redio itangaze hatari ya jerikani zile. Mara ya kwanza alitakiwa alete barua ya konseye, kiongozi wa mtaa wake. Alipoileta, aliyeiagiza alikuwa amehamishwa. Aliyefuata alimsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi, akamwambia azichome.

Alichoma moja. Moshi wake ulikuwa mweusi, mzito, na jirani alikohoa siku mbili. Tangu hapo anazikatakata kwa panga na kuzirundika nyuma ya nyumba, pale Zura alipokuwa na mboga zake. Mvua inapiga, jua linapiga, rundo liko vile vile.

Thelathini aliziuza mwenyewe kabla ya siku ile. Amezipata ishirini na moja. Zimebaki tisa.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wanakagua kitambulisho chake, kisha wanazigonga jerikani kwa kitako cha bunduki. Mmoja anamuuliza kama mzee amehamia kwenye biashara ya kuuza hewa. Wenzake wanacheka, wanampisha.

Gahanga anakwenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya saba ni ya Xavérine, mama kijana anayechambua maharage uani. Nyuma yake, kivulini, iko jerikani ya buluu. Kifuniko cheupe.

"Unatoa nzima unachukua kuukuu?" anamtania. "Huko mjini munakula nini siku hizi, muzee?"

Nasiri hacheki. Anamweleza yote: ghala, dawa, futari. Hamfichi kwamba aliyeziuza ni yeye. Xavérine anaacha maharage. Anasimama kwa kujishika kiuno, na ndipo inapoonekana kwamba ana mimba kubwa, miezi saba.

Mwaka mzima na zaidi amekunywa humo, anasema, na hata kichwa hakijamuuma. Anaitazama jerikani, kisha anamtazama Nasiri.

Wanakwenda pamoja zahanati. Muuguzi anasikiliza vizuri, lakini anataka jina la dawa. Nasiri anamjibu kwamba jina liko Kiyovu, kama lipo.

Anairudisha baiskeli barabarani na ile ya buluu nyuma. Zimebaki nane. Laiti Zura angekuwepo, anasema, angejua maneno ya kumwambia mwanamke mwenzake. Jumatatu atakwenda ofisini kwa mara ya saba, na safari hii haombi redio kwanza. Atawauliza alichoulizwa na Xavérine pale uani, mkono ukiwa tumboni:

"Na huyu aliye humu ndani, je?"