Rangi ya Ngitili ya Baba

Nakumbuka asubuhi ile ya baridi kali, Mbeya, katika chumba chetu cha ramani, nilipoinamia picha mbili zilizopigwa kutoka kwenye ndege nikaiona nyumba ya baba yangu. Mwanangu, wewe uliyezoea kuitazama dunia yote kwenye simu, usinicheke. Sisi tulikuwa na kifaa chenye lenzi mbili na miguu mifupi ya chuma. Unapanga picha mbili za mahali pamoja chini yake, unazisogeza taratibu, macho yanauma kidogo, halafu ghafla miti inasimama na vilima vinainuka. Nilipoliona zizi letu limesimama namna ile nilicheka peke yangu, na wenzangu wakageuka kunitazama.

Mimi ni Msukuma. Baba alihama kutoka kaskazini na ng'ombe wake nikiwa mdogo, akaweka mji kwenye nyika ya Usangu, mbele kidogo ya Rujewa. Nikasoma, nikachaguliwa kwenda Mbeya kujifunza kuchora ramani za maliasili: maji, malisho, misitu. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kihehe kutoka Ipogolo, Mwalimu Kalinga, mtu mpole, mwanakwaya wa Kilutheri, aliyekuwa akiimba besi kwa sauti ndogo kila alipochonga penseli. Hiyo mnayoiita GIS leo, mkapanga matabaka kwenye kompyuta, sisi tuliyapanga kwa mkono. Karatasi angavu ya maji unaitandika kwanza, juu yake ya malisho, juu yake ya mashamba, zote kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kubwa kuliko umri wetu. Ramani ile ingetumika kuamua mfereji mpya wa mpunga upite wapi. Mahali tulipopaka rangi ya njano palimaanisha ardhi isiyotumika, na ardhi isiyotumika ingekatwa majaruba ya mpunga. Sasa, ubavuni mwa zizi la baba palikuwa na eneo kubwa jeupejeupe, halina njia ya ng'ombe, halina tuta, halina hata kibanda. Mwenzangu Lusekelo, kijana wa Tukuyu, alikuwa ameshaandika katikati yake kwa penseli: njano.

Wala hakuwa mzembe, alifuata maelekezo. Lakini lile eneo lilikuwa ngitili. Kwetu, mvua zikiwa bado zinanyesha, mtu hufunga sehemu ya majani yake, ng'ombe asitie mguu humo, na hata mtoto mdogo anajua. Majani yanakua, yanakauka yakiwa yamesimama, na kiangazi kikishika ndipo panapofunguliwa, wakianza ndama na ng'ombe wazee na maksai wa kulimia. Ndege ilipita juu wakati ngitili imefungwa. Kadiri baba alivyoilinda ndivyo ilivyoonekana haina mwenyewe.

Nikaiweka penseli chini. Niliogopa wenzangu wataniona nampendelea baba yangu, na wakati huohuo nilikuwa nayaona majaruba yameshafika mlangoni kwetu na ng'ombe wamekonda, maana bila ngitili kiangazi kilikuwa kinaua. Mwalimu Kalinga alipita nyuma yangu, akasimama.

"Kabula, penseli yako imesinzia?"

Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeinama. Hakunicheka. Akasema, "Basi hapo hatupaki rangi yoyote mpaka tumekwenda kukanyaga wenyewe." Akaifuta ile njano kwa kifutio chake, akapuliza vumbi la karatasi, akarudi kwenye besi yake.

Tukateremka Usangu kwa gari la ofisi, Mwalimu mbele, mimi na Lusekelo nyuma na mnyororo wa kupimia. Nilipiga magoti kumwamkia baba, na yeye akaniitikia kwa furaha, "Mayu wangu." Mayu kwetu ni mama, na baba alipenda kuniita hivyo tangu mama aliyenizaa alipofariki. Tukapewa maziwa ya mgando. Alipoelezwa kwamba tumekuja kuiweka ngitili kwenye ramani, alichukua fimbo yake na kutangulia kabla hata hatujamaliza kunywa.

Tukaizunguka, yeye mbele, sisi tukivuta mnyororo, Mwalimu akiandika. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka tukafika kwenye kichuguu kikubwa cha upande wa mto. Pale ndipo ngitili ilipoishia. Mimi nilichunga ndama pale utoto wangu wote, nilipajua. Lakini baba hakusimama. Akakipita kichuguu, akaendelea kutembea kuelekea mtoni, akionyesha kwa fimbo kushoto na kulia.

Mwanangu, kile kipande cha kutoka kichuguuni hadi mtoni kilikuwa njia ya maji ya watu wote. Mama Zuhura, jirani yetu wa Kisangu, alipitisha mbuzi wake pale. Wafugaji wengine walipitisha ng'ombe pale. Kikiingia kwenye ramani kuwa ngitili ya baba, wangenywesha wapi? Nikamtazama baba. Na yeye akanitazama, akanisemesha Kisukuma, polepole, akijua wenzangu hawasikii lugha hiyo.

"Mayu, si wewe mwenye penseli? Ifikishe mtoni."

Nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameuza fahali wake mzuri ili mimi nisome, na hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Na hofu yake niliielewa: aliona mfereji unakuja, akataka awe na majani pamoja na maji. Mwalimu alisimama na kalamu yake akingoja, hajui kilichosemwa. Ningeitikia kwa kichwa tu, ingeandikwa.

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote: "Baba, ngitili inaishia kichuguuni. Huku ni njia ya maji ya wote."

Baba alishusha fimbo, akageuka, akarudi nyumbani peke yake. Jioni ile hakuniita mayu. Tulipoondoka kesho yake alimpa mkono Mwalimu, akampa Lusekelo, mimi akaniambia tu, "Nenda salama, Kabula." Nililia njia nzima huku nikijifanya vumbi limeniingia machoni.

Tulipokuwa tunaanza kupanda milima ndipo Mwalimu Kalinga aliniuliza baba alisema nini pale kichuguuni. Nikamwambia. Nilidhani atanisifu. Badala yake akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Mstari umeuchora sawasawa, binti yangu, na ningekushangaa kama ungeupindisha. Lakini mzee umemwacha amesimama peke yake mbele ya wageni, kwenye majani yake mwenyewe. Tulimfuata mbio na mnyororo hata maziwa hayajaisha. Hakuna aliyekaa naye kumuuliza anaogopa nini. Mimi nami nimekosa hapo, maana ndiye mkubwa wenu. Tutarudi, na safari hii utaanza kwa kuketi."

Tukarudi mvua za mwaka uliofuata zilipokatika. Ramani ilikuwa bado rasimu, karatasi zimeviringishwa ndani ya bomba la bati. Mwalimu alibaki garini makusudi, akasema mgongo unamuuma. Mgongo gani, alikuwa mzima kabisa. Nikaingia peke yangu, nikapiga magoti, nikaketi chini kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya kigoda cha baba. Sikufungua bomba. Nikamuuliza habari za ng'ombe, nikamtaja kila mmoja kwa jina lake. Kisha nikamwambia, "Baba, siku ile nilikuaibisha mbele ya watu. Ilinipasa nikwambie tukiwa wawili, kama hivi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Fungua hayo makaratasi tuone."

Nikatandika karatasi moja moja. Hii ni mito, baba. Haya ni mashamba. Hii ni ngitili yako, tazama, haina njano. Mwalimu alikuwa ameongeza rangi mpya kwenye ramani, kijani yenye mistari, akaandika pembeni maana yake: malisho yaliyotunzwa. Baba aliipapasa kwa kidole, akafuata ukingo wake mpaka kichuguuni. Kidole kikasimama hapo. Kisha kidole kikaendelea na ile njia ya maji, hadi mtoni.

"Mama Zuhura hupita hapa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Umempitisha vizuri." Akaitazama tena ile kijani yenye mistari. "Ila humu ndani kuna kitu hukukichora."

Akainuka, akachukua fimbo. Nikamfuata hadi katikati ya ngitili, kwenye kichaka cha miiba ambacho tangu utoto tulikatazwa kukisogelea kwa sababu ya nyoka. Baba akaivuta miiba pembeni kwa fimbo. Palikuwa na kisima, kimechimbwa kwa mkono, kimezungushiwa magogo, na maji yake yalikuwa meupe. Alikichimba mwaka tuliohamia. Hakuwahi kumwonyesha mtu, hata mimi, hata picha ya ndege haikukiona.

"Nilikificha," akasema, "nikijua siku wakubwa wakikijua watanihamisha wakichukue wao. Lakini kwa mtu aliyekataa kumdhulumu jirani kwa ajili yangu, nitamficha nini? Kichore, mayu."

Nilikichora nikiwa nimeketi palepale, alama ndogo ya buluu. Mfereji ulipokuja ulipita mbali na ngitili. Sitakudanganya kwamba ramani ile iliiokoa nyika yote, maana Usangu ya leo siyo ile. Ila kile kisima kiliwanywesha wengi, na Mama Zuhura mwenyewe alichota pale mto ulipokauka.

Kwa hiyo, mwanangu, jifunze hiyo GIS kwa bidii, na usione haya kuipenda. Ukiona mahali pameonekana patupu kwenye kompyuta yako, ujue kuna mtu huenda anapatunza, nenda ukamtafute. Usimchoree mtu kisicho chake, hata awe mzazi wako aliyeuza fahali ili usome. Na ukilazimika kumwambia hapana, kaa naye chini kwanza, wawili, maziwa yaishe. Watu ndio wanaojua maji yalipo, na hawakuonyeshi mpaka wamekuamini.

Mungu akutangulie. Akulinde njiani na kwenye miiba ya nyika, akupe wenyeji wa kukusogezea kigoda, na siku moja mzee mmoja asimame, achukue fimbo yake, akuambie umfuate.