Siku Niliyochoma Njia ya Rubafu

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na hata leo nikiitaja uso wangu huona haya. Zilikuwa zamani za Mwingereza. Nilikuwa kijana, nimeolewa Kimwani na mwalimu wa shule aitwaye Filemoni. Siku hiyo niliketi mbele ya mafiga nikachoma kazi yake ya miaka mitatu, karatasi baada ya karatasi, huku nikiamini natenda haki. Nitakueleza ilivyokuwa, maana kosa la bibi likifichwa huzaliwa tena kwa mjukuu.

Filemoni alikuwa mtu wa maneno machache. Darasani alisema, nyumbani alinyamaza. Kila shule ilipofungwa alitia kwenye mfuko nguo mbili, karatasi na kisanduku cha rangi za maji, akachukua fimbo yake, akaniaga kwa Kiswahili chake cha ualimu: "Nakwenda kutembea." Alirudi baada ya wiki moja au mbili, viatu vimeisha, uso umeungua jua, moyo umetulia.

Nikiri jambo moja. Mwaka wa kwanza alinionyesha picha ya kilima alichokichora, nami nikacheka. "Mwanamume mzima unachora majani! Kwani majani hayapo hapo nje?" Naye akatabasamu, akaikunja ile karatasi taratibu, na hakunionyesha nyingine tena. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Haunao, mwanangu, lakini kicheko kile kilifunga mlango, nami sikusikia hata ulipofungwa.

Basi tulikuwa na jirani, jina lake Adelina, mwanamke mwepesi wa habari. Siku moja tukipalilia migomba kwenye mpaka wa vibanja vyetu aliniuliza, "Mwalimu yuko wapi?"

"Amekwenda kutembea."

Akasimamisha jembe. "Kutembea na nani?"

Unalijua neno hilo lilivyo na mifuko miwili. Mfuko mmoja una miguu na njia, wa pili una mambo ya siri. Adelina aliutia mkono kwenye ule wa pili, akaniachia hapo, akaendelea kupalilia. Lile neno likaniingia kama funza wa mguuni: siku ya kwanza linawasha tu, siku ya tano huwezi kukanyaga.

Filemoni aliporudi sikumwuliza kitu. Nilimpikia, nikamtandikia, nikanuna. Alipokwenda shuleni nikalivuta sanduku lake la mbao kutoka uvunguni. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja. Vilima, mabonde ya mafunjo, rweya ile tambarare ya nyasi isiyolimwa, ziwa likionekana kwa mbali. Na katika kila picha, mwanangu, kila picha, palikuwa na mwanamke mdogo kama punje ya mtama, amejifunga shuka nyekundu, anatembea njiani.

Nikasema, huyu hapa. Amemchora mpaka shuka yake.

Sikungoja. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zilikuwa mbichi, na karatasi zile zikashika moto upesi kuliko nyasi kavu. Nilikuwa na ile ya mwisho mkononi niliposikia kitu kikiburutwa uani. Alikuwa mama mkwe wangu, Mama Kokubanza.

Sharti nikwambie huyu alikuwa nani. Alizaliwa Rubafu, kaskazini kabisa, ng'ambo ya mji wa Bukoba. Baba mkwe, aliyekuwa mwinjilisti, alimwoa huko akamleta Kimwani akiwa binti mbichi, naye hakurudi kwao tena, kwanza kwa sababu ya watoto, kisha kwa sababu ya nyonga. Alianguka akikata mkungu wa ndizi, mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo hakutembea. Alijivuta kwa mikono kutoka kwenye msonge wake hadi kwetu, na kupakiwa kwenye lori kungemmaliza kabla hajafika Muleba.

Alitazama majivu, akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwangu.

"Kokugonza," akasema, "hiyo ni ya Kamachumu. Nyingine ziko wapi?"

Nikamwonyesha mafiga kwa kidevu. Nilikuwa bado nina hasira. Nikamwambia, "Waitu mama, mwanao ana mwanamke. Amemchora humu."

Mama Kokubanza akanyoosha mkono, akaichukua ile picha, akaweka kidole kwenye yule mwanamke mdogo. "Huyu ni mimi," akasema. "Ninakwenda kwetu. Kila likizo Filemoni hutembea kipande cha njia, akanichorea, akaniletea nikakitazama, kisha hukitunza mpaka vipande vyote vitimie. Tulikuwa tumefika Kemondo." Kisha akasema polepole, "Binti yangu, umechoma njia yangu ya kwenda kwetu."

Nilitamani ardhi inifunike.

"Ulimwuliza?" akaniuliza.

"Sikumwuliza, mama."

"Basi umehukumu bila baraza. Hata chifu hafanyi hivyo."

Mume wangu aliporudi alisimama mbele ya mafiga muda mrefu. Alisema, "Miaka mitatu, Kokugonza," akatoka akaenda kibanjani. Kesho yake mawifi zangu walikuja, wakasema mke wa namna hii hurudishwa kwa baba yake. Nilikwisha kufunga nguo zangu, maana niliona wana haki. Aliyekataa ni mama mkwe, yule yule niliyemkosea. "Akirudi kwao," aliwaambia, "nitapata nini? Majivu nitabaki nayo, na mke wa mwanangu nitamkosa." Kisha akatugeukia sisi wawili. "Kiangazi hiki mtakwenda pamoja, mpaka Rubafu. Filemoni atachora. Wewe Kokugonza utatazama, uje unisimulie, maana mwanangu ana mkono lakini hana mdomo."

Na hivyo ndivyo nilivyojifunza kutembea, mwanangu, mimi niliyekuwa nikibeba maji na kuni kila siku.

Siku za kwanza nilikwenda mbio. Nilitaka tufike, tumalize, aibu iishe. Filemoni alikaa juu ya jiwe karibu na Muleba akangoja mpaka jua likaanza kushuka, hajatia hata tone la rangi. "Unangoja nini?" nikauliza. Akajibu, "Wingu lipite." Nikakaa nimekasirika. Wingu likapita, na bonde lote likabadilika mbele yangu: migomba iliyokuwa myeusi ikawa ya kijani cha chipukizi, moshi wa jikoni ukaonekana, na nyuma yake ziwa likawaka na visiwa vyake. Nilikuwa nimeipita njia ile mara nyingi nikiwa na mzigo kichwani. Sikuwahi kuiona. Machozi yakanitoka, nikamwambia, "Nisamehe." Yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya kweli tangu siku ya moto.

Akasema, "Mimi nami nilinyamaza mno. Ulipocheka, nilipaswa kukueleza."

Tukapanda Kamachumu kwa baridi, tukashuka Kemondo. Kila nyumba tuliyobisha walitupa buni za kutafuna na ndizi, na waliposikia tunakwenda Rubafu kumchorea mama njia ya kwao, hakuna aliyetucheka. Bukoba mjini karatasi zilituishia. Mzee wa Kihindi mwenye duka aliuliza za nini, tukamweleza. Akaingia ndani akatoka na karatasi nene, nzuri, akamkabidhi Filemoni. "Na mimi mama yangu ni ng'ambo ya bahari," akasema. "Mkirudi, pitieni hapa nione." Tulipitia, akazitazama moja moja, akashukuru kama yeye ndiye aliyepewa.

Tukapita Kitendaguro, tukashika njia ya kaskazini. Rubafu tulimkuta mdogo wake Mama Kokubanza, mzee wa mvi. Nilipiga magoti nikamsalimu, "Kampire waitu." Nilipomtajia dada yake alinishika mikono yote miwili. Kisha akatuchukua akatuonyesha kila mahali: kisima, ukingo wa mawe mekundu juu ya ziwa, kibanja cha baba yao. Siku tatu Filemoni alichora, nami nilitazama kwa bidii kama mtoto wa shule siku ya mtihani.

Tuliporudi Kimwani, tulitandaza picha kumi na nne juu ya nyasi za sakafuni katika msonge wake, mchana, mlango wazi. Nikaanza kusimulia, kutoka kibanjani kwetu hadi juu ya Kamachumu, hadi Kemondo, hadi mjini. Alinikatiza mara kwa mara. "Hapo kwenye kona hapana nyumba ya bati." Nikamwambia, "Sasa ipo, mama." Akacheka. Tulipofika ile ya kibanja cha baba yake, nilimweleza jinsi mdogo wake alivyonishika mikono. Aliitazama sana, akaniambia, "Nyamaza sasa. Nimefika."

Aliishi miaka mingine minne, na mchana mwingi aliniita, "Kokugonza, njoo nitembeze." Mimi na Filemoni tukatembea likizo zote tangu hapo, mpaka miguu ya mume wangu ilipokataa, naye akatangulia. Leo ninapomshukuru Mungu, humshukuru kwanza kwa mwanamke yule aliyejiburuza kwa nyonga mbovu akaniinua mimi mwenye miguu mizima.

Sasa sikia nasaha yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kisima bado kipo. Ukikosa, usikae kulia juu ya majivu, nenda ukachote upya hata kama ni mbali. Neno la jirani lisilo na shahidi usilipe usingizi wako. Ukimwona unayempenda anapenda jambo usilolielewa, usicheke. Mfuate siku moja, uketi karibu naye, utazame anapotazama. Na kabla mkono wako haujatenda, ulimi wako na uulize. Kuuliza hakukuvunjii heshima. Mimi kutouliza nusura kunivunjie nyumba.

Mungu akupe mwenzi ambaye kwake utasema "nisamehe" bila kuogopa. Akupe mkubwa wa kukukemea asikufukuze. Abariki macho yako yasizoee uzuri wa nchi hii uliyozaliwa ukaikuta bure, na moyo wako usichoke kusema ahsante. Nenda kwa amani, mwanangu.