Pepani ya Lameki

Enelesi aliuza maandazi ya ndizi kijijini Mtambalika, na mwanawe Lameki alikuwa na adabu hadi wenzake wakamcheka. Ukijikwaa, Lameki atasema pepani. Ukikohoa, pepani. Wachewa wana neno hilo moja tu, la kumpa pole aliyeumia na la kumwomba radhi uliyemuumiza, na anayesikia ndiye anayepima. Enelesi alimfundisha mwenyewe, mara nyingine kwa kofi, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, wavulana walichoma majani makavu kuwatoa panya mashimoni, kitoweo chao cha kila kiangazi. Moto ukawazidi nguvu, ukala ghala la bibi jirani yao, agogo Naphiri, na mahindi yote ya mwaka. Wachomaji wakatimka. Lameki alikuwa kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani alimkuta yule bibi kizee amekaa kwenye majivu akilia, akatua ndoo, akapiga magoti.

"Pepani, agogo."

Watu wakageuka. "Kumbe ni huyu!"

Lameki alikuwa na miaka kumi na minne. Polisi walipokuja kumkamata, Enelesi aliwafuata kwa miguu hadi kituoni, na sajini akamsimamisha mlangoni.

"Mama, kaa hapo barazani. Tunaongea na kijana kidogo tu."

"Sawa, bwana. Ahsante, bwana."

Akakaa. Dirisha lilikuwa wazi, na kila neno alilisikia.

"Ulimwambia bibi pepani, hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Mtu asiye na kosa anaomba radhi ya nini? We, nijibu!"

"Pepani, bwana."

Enelesi, Mungu amsamehe, alifurahi. Alidhani adabu ile itamlainisha mkubwa, na mtoto atakula nsima, ugali wao, nyumbani jioni hiyo. Sajini naye alikuwa Mchewa, neno lile amelinyonya kwa mama yake. Lakini maelezo huandikwa kwa Kiingereza, na kwenye karatasi yake pepani ikabaki na maana moja: mtuhumiwa amekiri na kuomba msamaha. Lameki akatia dole gumba. Kesho yake akapelekwa mahabusu pamoja na watu wazima, eti ya watoto iko mbali na gari halina mafuta.

Mvua zikaja, zikaisha. Kesi iliahirishwa hadi Enelesi akaacha kuuliza kwa nini. Ndipo wakili wa msaada wa sheria, binti mmoja aitwaye Tamanda, alipomkuta Enelesi jikoni akikaanga maandazi.

"Mama, walipomhoji ulikuwa wapi?"

"Barazani."

"Mbona hukuingia?"

"Niliambiwa nikae nje, mwanangu. Mimi nani nibishane na serikali?"

Tamanda alishusha pumzi. "Sheria inataka mzazi awepo mtoto anapohojiwa. Na mtoto ana haki ya kunyamaza, na ya kuwa na mtu wa kumtetea. Kiti chako kilikuwa mle ndani, mama."

"Na mimi nilimshukuru," Enelesi akasema. "Nilimwambia ahsante." Alilia hadi mafuta yakaungua kikaangoni.

Mahakamani agogo Naphiri aliulizwa kama Lameki alimwomba radhi. Kizee kile kikawaka.

"Radhi ya nini? Mtoto alinipa pole! Nyinyi wengine mlikuja kutazama moto. Na mngeniuliza siku ile ningewaambia, lakini nani aliniuliza?"

Hakimu aliyatupa maelezo ya polisi kwa kuwa yalichukuliwa bila mzazi. Kukabaki kesi tupu, maana hakuna aliyemwona Lameki na kiberiti. Akaamuru aachiwe siku hiyohiyo.

Enelesi aliwahi langoni mwa gereza, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mlango mdogo ukafunguliwa, akatoka kijana mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa. Ilibidi amwangalie mara ya pili.

"Lameki!"

Kusikia jina lake, mtoto alichuchumaa palepale kwenye vumbi, mikono kisogoni, macho chini, jinsi mfungwa anavyotakiwa kufanya akiitwa.

"Simama, baba. Ni mimi mama yako. Yamekwisha. Simama."

Lameki hakusimama. Aligeuza shingo akamtazama askari wa lango, akingoja ruhusa.